Sauti ya Baba Katika Jumba la Utunzani

Sitaeleza njia ya kwenda Utunzani. Wengi wameniuliza, na wengine wamekasirika nilipowanyima jibu, lakini sitaki mtu afike kule kwa sababu yangu. Nitaeleza tu niliyoyaona na yaliyonipata, kadiri woga utakavyoniruhusu.

Jina langu ni Nyamizi Lugembe, mwalimu wa shule ya msingi. Baba yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Picha zake ninazo, koti lake ninalo, ila sauti yake sikuwahi kuijua. Mama aliniambia kwamba baba alisoma Utunzani alipokuwa kijana, na kwamba chuo kikuu cha huko kilikuwa na desturi ya kumrekodi kila mwanafunzi mgeni. Mama naye alipofariki nikabaki na wazo moja ambalo halikunipa usingizi mzuri: kuna mahali duniani baba yangu bado anazungumza. Nikaenda.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni Utunzani ni ukimya wa soko. Wauza samaki wanakaa nyuma ya meza zao wakikutazama tu. Nilimuuliza mama mmoja mbona hanadi, akanijibu kwa sauti ya chini, "Kunadi kwetu kumeshahifadhiwa." Kando ya barabara wasichana walikuwa wakiruka kamba. Hakuna aliyeimba. Kilichosikika ni kamba ikipiga vumbi, na pumzi zao.

Sheria yenyewe nilielezwa na kila niliyekutana naye, maana wanaijua kama watu wengine wanavyojua sala. Zamani, walisema, mchwa waliingia maktaba ya chuo wakala maandishi ya mababu zao, na mvua ya mwaka ule ikamaliza yaliyobaki. Watu walilia kama waliofiwa. Wakaapa kwamba hakitapotea kitu tena katika nchi yao. Wakajenga juu ya kilima Jumba la Makusanyo Maalumu, na nchi nzima ikaanza kupeleka huko vitu vyake: barua, ngoma, hadithi, nyimbo, mapishi, namna ya kusalimiana na wakwe. Na kwa kuwa kitu kikitumika huchakaa, wakapitisha kwamba kilichohifadhiwa hakitumiki tena. Kisha wakagundua kwamba kitu kikiwa katika nakala mbili, watu hubishana ipi ni sahihi. Kwa hiyo wakapitisha kwamba asili ni moja tu, ile iliyo rafuni, na nakala nyingine zote ni lazima ziondolewe, ziwe kwenye karatasi au kichwani mwa mtu.

Nia yao ilikuwa njema. Hilo ndilo lililonitisha zaidi baadaye, kwamba sikukutana na mtu mbaya hata mmoja.

Mtunzaji Mkuu wa Jumba alikuwa Profesa Lukindo, mtu mrefu, mpole, mwenye glavu nyeupe ambazo hakuzivua hata alipokunywa chai. Alinipokea vizuri sana. Alipolisikia jina la baba alitabasamu, akaniongoza mwenyewe kwenye korido ndefu zenye baridi, mpaka kwenye chumba cha kanda za sauti. Huko alitoa boksi dogo la kijivu akaliweka juu ya kitambaa.

"Huyu hapa baba yako," alisema.

Nilishindwa kujizuia, machozi yakanitoka. Nilimuuliza hali ya kanda ikoje baada ya miaka yote hiyo.

"Nzuri mno. Haijasikilizwa hata mara moja."

"Na mimi nitaisikiliza lini, Profesa?"

Alinitazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyeuliza kama atapona kesho. "Ukiisikiliza, dada Nyamizi, utakuwa umeichukua. Itakuwa rafuni, na itakuwa kichwani mwako. Unaona tatizo? Lakini unaruhusiwa kukaa na boksi. Wageni wengi huridhika."

Nikakaa na boksi. Mezani kwa jirani wasomi wawili walikuwa wakibishana kwa kunong'ona kama vumbi lililo juu ya jalada la kale ni sehemu ya makusanyo au ni uchafu. Mmoja alisema vumbi lile limekaa hapo muda mrefu kuliko mfagiaji yeyote, kwa hiyo lina haki. Mwingine alisema basi lipewe boksi lake. Walikuwa hawacheki. Niliweka sikio langu kwenye boksi la baba, nikasikia damu yangu mwenyewe ikipiga.

Niliandikisha ombi la kusikiliza, nikaambiwa Baraza la Chuo litalijadili. Nikatafuta pa kulala, nikapangisha chumba kwa Bi Ruzuna.

Bi Ruzuna alikuwa mkunga wa mtaa ule. Aliishi na mumewe, Mzee Haidari, na mjukuu wao Shemsa aliyekuwa na mimba iliyokomaa. Mume wa Shemsa alikuwa amechukuliwa pamoja na vijana wengine kujenga ghala jipya la Jumba, maana maghala ya zamani yalikuwa yamejaa. Walinikaribisha kama ndugu. Tulikula pamoja sahani moja, lakini kila mtu alizungumza kwa kupima, akimeza nusu ya maneno yake.

Siku ya kwanza tu Mzee Haidari alinionyesha picha iliyotundikwa ukutani, ya msichana mwenye meno ya mbele yaliyoachana.

"Mwalimu, wewe umesoma. Huyu ni nani?"

Bi Ruzuna akamjibu bila kuinua uso, "Ni mtoto wa watu, baba. Kula."

Baadaye, tulipokuwa tunaosha vyombo uani, alinieleza. Msichana yule alikuwa Zamda, binti yao, mama yake Shemsa. Alisombwa na mafuriko. Mzee Haidari alimshika mkono kwenye maji mpaka akashindwa. Watu wa Jumba walikuja kumwomba awape ushuhuda wa mafuriko yale, kwa ajili ya vizazi vijavyo, naye akawapa wote, na akalia mbele ya mashine yao. Ushuhuda ukapokelewa. Wiki iliyofuata wakamwita kwenye Chumba cha Kusafishia.

"Wanakufanya nini humo?" nikauliza.

"Hakuna anayekumbuka. Wanasema hakuna maumivu." Alikuwa akisugua sufuria ile ile iliyokwisha kutakata. "Walisema wanaondoa mafuriko tu. Lakini mwanangu alikuwa ndani ya mafuriko, mwalimu. Wangeyaondoaje mafuriko wakamwacha yeye?"

Kuanzia hapo nilianza kuogopa. Mvua iliponyesha nilimwona mzee yule akitoka nje kwa furaha, akasimama kwenye maji yanayopita mlangoni, akayachezea kwa miguu kama mtoto. Shemsa alimtazama kutoka dirishani, mkono tumboni, midomo ameibana.

Nilitaka kuondoka. Ningeondoka. Lakini boksi lilikuwa pale kilimani, na kila asubuhi nilijiambia nisubiri jibu la Baraza.

Uchungu wa Shemsa ulianza wakati wa asubuhi, na mpaka jua lilipopita utosini mtoto alikuwa bado. Bi Ruzuna alinishikisha kazi ya kumkanda mgongo. Alikuwa mkunga hodari, mikono yake haikutetemeka, lakini nyumba ilikuwa kimya kabisa, na kimya kile kilimtisha Shemsa kuliko maumivu. Alianza kukaza mwili. Kila uchungu ulipokuja aliuzuia badala ya kuuachia. Macho yake yalikuwa yakitafuta kitu chumbani.

"Bibi, nitakufa," alisema. "Nitakufa kama mama."

"Hufi."

"Basi mbona huimbi? Uliwaimbia wote. Wote wa mtaa huu!"

Bi Ruzuna alinitazama. Wimbo wa kuzalisha ulikuwa umepokelewa Jumbani mwaka uliopita. Yeye mwenyewe aliutoa, akidhani anauweka mahali salama, na aliepuka Chumba cha Kusafishia kwa sababu tu aliapa kwamba hatauimba tena na kwa sababu mtaa haukuwa na mkunga mwingine. Uchungu mwingine ukaja, Shemsa akapiga ukelele uliokatika katikati. Hapo bibi yake akafunga dirisha, akapiga magoti, akamwekea mjukuu wake mdomo karibu na sikio.

*Njoo pole, njoo pole,*
*mlango wazi, taa inawaka,*
*waliotangulia wamekuachia nafasi,*
*njoo pole.*

Sauti yake ilikuwa nzito na ya chini. Niliuona mwili wa Shemsa ukilegea kama ngumi inayofunguliwa. Sijui ni mara ngapi bibi aliurudia. Najua kwamba wakati fulani sauti zilikuwa tatu, na mojawapo ilikuwa yangu. Mtoto akatoka, wa kike, akiwa na nywele nyingi, akanyamaza kidogo kana kwamba anasikiliza, kisha akalia.

Tulikuwa bado hatujamfunga kitovu vizuri mlango ulipobishwa.

Jumba lina watumishi waitwao Wasikilizaji, ambao hawafanyi kazi nyingine ila kutembea mitaani polepole. Aliyeingia aliitwa Bwana Fumo. Alivua viatu mlangoni, akampongeza Shemsa kwa kujifungua salama, akaomba radhi kwa kutusumbua. Kisha akasema amesikia kitu.

"Ni mimi," Bi Ruzuna akasema. "Ni mimi peke yangu. Mwalimu alikuwa sokoni, ndiyo kwanza arudi."

Bwana Fumo akanikaribisha niketi. Naye akaketi. Hakuuliza neno. Alikaa tu, mikono mapajani, akinitazama kwa upole, na ukimya ukaendelea mpaka nikahisi masikio yananiuma. Nilijitahidi nisifikiri chochote. Nilifikiri hesabu za darasa la tatu.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "kidole chako kinasema nini?"

Nikakitazama. Kilikuwa kinagonga goti langu, taratibu, mapigo ya wimbo.

Baraza la Chuo lilikutana asubuhi iliyofuata katika ukumbi wa Jumba. Tuliletwa wote: Bi Ruzuna, Shemsa aliyekuwa bado hawezi kutembea sawasawa, mimi, na mtoto. Mzee Haidari alikuja kwa hiari yake akakaa nyuma, akishangaa uzuri wa dari. Wasomi walikuwa wengi, wamevaa majoho, na wote walitusalimu.

Kuhusu sisi wakubwa hawakujadili. Tulikuwa nakala zisizoidhinishwa, tungesafishwa. Walichojadili karibu asubuhi nzima ni mtoto. Je, amesikia? Msomi mmoja, bingwa wa mambo ya sauti, alisema mtoto aliye tumboni husikia, kwa hiyo ni nakala, tena nakala safi kuliko zote. Mwingine alisema asiyejua lugha hawezi kuwa nakala ya maneno, labda ya tuni tu, na akapendekeza asafishwe nusu. Wa tatu aliuliza kama kuna mashine ndogo ya kiasi kile. Waliandika. Walikubaliana katika baadhi ya mambo. Hakuna aliyepandisha sauti.

Shemsa alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka nikaogopa atamuumiza. "Hajui kitu kingine," aliwaambia. "Jamani, mkimwondolea huo wimbo atabaki na nini? Hana kingine ndani yake! Hana!"

Profesa Lukindo aliinamisha kichwa. Nilimwona ameumia kweli. Kisha akaniita mbele, akaongea nami kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ukumbi wote uliisikia.

"Dada Nyamizi, wewe si wa nchi hii. Sheria inataka shahidi asiye wa ukoo. Sema tu kama mtoto alikuwa ameshazaliwa wimbo ulipoimbwa, na kama aliugeukia. Ukitoa ushahidi huo, Baraza liko tayari kukubali ombi lako. Utaisikiliza kanda ya baba yako leo hii. Utaondoka kwenda kwenu bila kusafishwa."

Ukumbi wote ulinisubiri. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikataa papo hapo. Niliiona korido yenye baridi, boksi la kijivu, mkono wangu ukilifungua. Nikamtazama Mzee Haidari kule nyuma. Alinipungia mkono kwa furaha, kama mtu aliyemwona rafiki mpya.

"Sijui mtoto alisikia nini," nikasema. "Na hakuna mtu humu ndani anayejua."

"Basi tutasafisha wote, kwa tahadhari," Profesa alisema. Alisema kwa masikitiko. Bwana Fumo na wenzake wakasogea.

Hapo Bi Ruzuna akasimama. Nilidhani anakwenda kumshika mjukuu wake. Alikwenda katikati ya ukumbi, akageukia majoho, akajaza kifua hewa, akaimba.

Hakuimba kwa kunong'ona kama siku ile. Ukumbi wao ulijengwa kwa ajili ya hotuba, na ukaichukua sauti yake ukaipeleka kila kona. *Njoo pole, njoo pole.* Wasomi waliruka vitini. Wengine walijiziba masikio, wengine walijifunika majoho kichwani, bingwa wa sauti alitambaa chini ya meza. Wasikilizaji, ambao kazi yao yote ni kusikia, walisimama kama waliopigwa na radi. Bi Ruzuna aliumaliza wimbo wote, akautia marudio yake, kisha akarudi kukaa karibu na Shemsa akiwa anahema.

Sijawahi kuona woga kama ule. Kila mmoja alimtazama jirani yake, na kila mmoja alielewa. Baraza zima lilikuwa nakala.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele alikuwa wa kwanza kujikohoza. "Mimi," alisema, "sikusikia kitu."

"Hata mimi," akasema wa pili haraka.

"Nadhani mama huyu alipiga chafya."

Ikazunguka ukumbini, mdomo hadi mdomo, mpaka chini ya meza. Hakuna aliyesikia. Hakukuwa na wimbo. Na kama wimbo haukuwepo mbele ya Baraza zima lenye masikio ya kisomi, vipi ungekuwepo nyumbani kwa mkunga? Bwana Fumo aliulizwa. Alijibu kwamba siku ile mtaani labda ulikuwa upepo. Shauri likafutwa. Watu wakaanza kukusanya makaratasi yao bila kutazamana.

"Mimi nimesikia," alisema Profesa Lukindo.

Alikuwa amebaki amesimama pale pale, mikono yenye glavu ikining'inia. Walimsihi aketi. Mmoja alimvuta joho. Alisema sheria ile aliitetea maisha yake yote, amewapeleka watu wengi kwenye Chumba kwa mkono wake, na hawezi kuwa yeye wa kwanza kusema uongo. Kisha akamwendea Bi Ruzuna, akainama kwake kama mtu anayeamkia.

"Shikamoo, mama. Ule mstari wa tatu sikuushika vizuri. Waliotangulia wamekuachia nini?"

"Wamekuachia nafasi, mwanangu."

"Wamekuachia nafasi," alirudia. Aliurudia tena kwa midomo tu. Akatoka kwa mlango wa pembeni, ule wa Chumba cha Kusafishia, na hakuna aliyethubutu kumfuata wala kumzuia.

Tuliruhusiwa kwenda nyumbani. Bi Ruzuna alilala mchana kutwa. Mimi nilifunga mizigo yangu, kwa kuwa Shemsa alinisihi niondoke kabla Baraza halijapata nguvu ya kukumbuka. Asubuhi nilimbeba mtoto mara ya mwisho, nikawaaga.

Njia ya kutoka mjini inapita chini ya kilima. Nilimkuta Profesa Lukindo amekaa kwenye ngazi za Jumba, kwenye jua, amevaa koti lake na glavu zake. Bwana Fumo alisimama karibu naye. Kwa kuwa hakuna wimbo ulioimbwa, hakuna mtu aliyesafishwa, na kwa kuwa hakuna aliyesafishwa, Profesa alikuwa bado ndiye Mtunzaji Mkuu. Walikuwa wamemleta kazini.

"Dada," aliniita. Macho yake yalikuwa meupe na mepesi, kama ya Mzee Haidari; wimbo ulikuwa umeondolewa, na Jumba likaondoka nao. "Samahani. Hili jengo kubwa ni la nini?"

Bwana Fumo alitazama pembeni.

"Wanaweka vitu humo," nikamjibu.

"Vitu gani?"

"Vingi. Kuna sauti ya baba yangu."

Uso wake ukachangamka. "Yumo humu ndani? Na wewe unapita tu hivi bila kwenda kumsikiliza?" Akasimama, akanishika mkono. "Twende. Mimi nitakusindikiza, sina kazi."

Walinzi wa mlango walimwona Mtunzaji Mkuu, wakafungua. Alinifuata mimi, maana hakuijua njia, nami nilitembea kwenye zile korido nikiisikia kila hatua ya Bwana Fumo nyuma yetu. Nilidhani atatusimamisha. Hakuwa na amri ya kumsimamisha mkubwa wake. Nililitoa boksi rafuni. Profesa akanisaidia kuiweka kanda kwenye mashine ya kusikilizia, ambayo ilikuwa pale ukutani, mpya, haijatumika.

Ilikwaruza. Kisha kijana mmoja akasema, kwa lafudhi ya kwetu:

"Naitwa Lugembe. Wameniambia niseme jambo la maana. Sina. Nina njaa tu."

Akacheka. Kicheko kilianza chini, kikapanda, kikakwama puani, kama ninavyocheka mimi nisipojizuia. Katikati ya kicheko kanda ikatoa mlio mkavu, ikakatika, na vipande vyake vikamwagika sakafuni kama maganda ya kitunguu. Miaka yote ile ya kutoguswa ilikuwa imeikausha.

Profesa alikuwa bado anacheka pamoja na baba. Bwana Fumo hakucheka. Alizitazama zile chembe sakafuni, kisha akanitazama mimi, na nikauona uso wake ukibadilika taratibu, kama mtu anayemaliza kupiga hesabu.

"Asili imeharibika," alisema. "Iliyobaki ni ile uliyonayo wewe kichwani." "Sasa asili ni wewe, mwalimu. Wewe ni wa hapa."

Nilitazama rafu. Kati ya boksi na boksi kulikuwa na nafasi, safi, yenye kadi ndogo ya jina la baba yangu.

Nilikimbia. Nyuma yangu nilimsikia Bwana Fumo akiita walinzi, na nilimsikia Profesa Lukindo amemkamata mkono. "Ngoja kwanza, bwana, nieleweshe. Asili ni nini? Na mbona unamfukuza? Si amekuja kumsalimia baba yake?" Bwana Fumo alimsihi amwachie, mara akamwita mheshimiwa, mara akamwita mzee, lakini hakuthubutu kumsukuma. Nilipita mlangoni walinzi wakiwa bado wananyoosha shingo kusikia wanaitiwa nini.

Nimerudi kwetu zamani sasa. Kutoka Utunzani sijapata habari, isipokuwa kwamba msafiri mmoja wa kule aliniambia wanawake wa mtaa wa Bi Ruzuna siku hizi hupiga chafya ndefu sana mtoto anapozaliwa, na Wasikilizaji huandika kwamba ni upepo. Alinieleza pia kwamba Baraza lilinipa nambari ya rafu, na halijaifuta. Kwa sheria yao mimi ni mali ya Jumba, iliyopotea, na mali iliyopotea hutafutwa.

Mgeni mpole akija mlangoni kwangu, akavua viatu, mwili hunisisimka kabla sijamtazama usoni. Kwa hiyo nimefanya nililoweza ili nisibaki peke yangu na sauti ile. Darasa langu lote nimelifundisha maneno ya baba, na kicheko chake, kinavyoanza chini, kinavyopanda, kinavyokwama puani. Wanafunzi wamewafundisha wadogo zao. Kengele ya chakula ikilia, shule nzima hupiga kelele uwanjani, "Sina la maana! Nina njaa tu!" na kucheka kicheko cha mtu ambaye hawakumjua, kila mmoja akikikosea kidogo kwa namna yake.